Trekta la Baba Likiingia Barabarani

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mfanyakazi wa kiwandani, bandarini au ofisini hapa mjini, na mashaka yako ya kila siku ni kodi ya nyumba, nauli ya basi na sare za watoto. Utasema kwamba habari za matrekta hazikuhusu. Lakini hebu fikiri kidogo. Je, huko nyumbani kwenu, Kilosa, Mbulu, Isimani au Kahama, hakuna trekta kuukuu lililosimama chini ya mwembe, ambalo mwaka juzi ulichangia kulinunulia matairi?

Familia nyingi za wafanyakazi zinalo. Pengine baba alilinunua alipostaafu, au alilipata kwa bei nafuu shamba kubwa la jirani lilipofunga shughuli zake. Rangi yake imepauka, kiti kimefunikwa gunia, na taa zilikwisha kufa zamani. Hata hivyo, mvua zinapokaribia fundi huitwa, dizeli hutiwa, nalo huamka, likakohoa moshi na kwenda kazini. Likimaliza shamba la ukoo hulima kwa majirani kwa malipo ya ekari. Mavuno yakifika hufungwa tela, likabeba magunia mpaka mnadani.

Sasa jiulize: kadi yake ina jina la nani? Bima yake inakwisha lini? Mara nyingi jibu huwa ni kicheko na maneno haya: "Aa, hilo ni la shamba tu." Makala haya yanahusu maneno hayo machache, na hasara kubwa inayoweza kujificha ndani yake.

BARABARA HAITAMBUI SHAMBA

Trekta likilima ndani ya shamba lako, mashahidi wake ni udongo na ndege. Lakini mara magurudumu yake yanapokanyaga barabara ya umma, hata kama safari yenyewe ni ya kutoka shamba hili kwenda lile, limekuwa chombo cha moto miongoni mwa vyombo vingine.

Zipo sheria mbili ambazo kila mwenye trekta hana budi kuzifahamu. Ya kwanza ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayoshughulikia leseni ya dereva, taa, breki na mwenendo wa vyombo barabarani. Ya pili ni Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Hii inamkataza mtu kutumia chombo cha moto barabarani, au kumruhusu mwingine akitumie, pasipo bima ya kuwalinda watu wengine wanaoweza kuumizwa au kuuawa na chombo hicho.

Yaangalie vizuri maneno "kumruhusu mwingine". Ndugu aliye Dar es Salaam, ambaye trekta ni mali yake na ufunguo amemwachia mdogo wake kijijini, naye yumo. Umbali wa kilometa mia nne haumwondolei wajibu.

SEKUNDE TATU GIZANI

Tuchukue mfano. Ni saa mbili za usiku, mwezi wa Julai. Trekta linarudi kutoka mnadani likivuta tela kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa. Nyuma ya tela hakuna taa wala rifleta. Basi dogo la abiria linakuja nyuma yake kwa kilometa 80 kwa saa. Tofauti ya mwendo ni kilometa 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kila sekunde. Ikiwa taa za basi zinamwonyesha dereva tela hilo akiwa umbali wa mita 50, basi anazo sekunde 3 tu za kuona, kuamua na kukanyaga breki. Hapo hata dereva hodari anaweza kushindwa.

Sasa mama mmoja aliyekuwa ndani ya basi amevunjika mguu. Anatibiwa, anakaa miezi kadhaa bila kufanya biashara yake, kisha anakwenda mahakamani, na inaamuliwa kwamba tela lisilo na taa ndilo lililosababisha ajali. Bima inatafutwa, haipo. Mwenye trekta anatafutwa, naye kwa mujibu wa kadi ni mzee aliyezikwa miaka saba iliyopita. Ndipo macho yanapoelekezwa kwa walioridhi mali na waliokuwa wakilitumia. Akiba ya watoto wa marehemu, na pengine lile shamba lenyewe, vinaingia hatarini. Kwa upande mwingine yule mama anabaki na hukumu mkononi, karatasi isiyoweza kumnunulia hata magongo.

Ndiyo maana haifai kusema kwamba bima ni mzigo wa mwenye mali peke yake. Bima ya lazima ni ngao ya mpita njia, na papo hapo ni ngao ya familia yako.

UZEE WA CHUMA NA UZEE WA KARATASI

Nchi yetu ilianza kuyajua matrekta kwa wingi mwaka 1947, wakati Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Mradi huo ulishindwa vibaya na kufutwa mwaka 1951. Baada ya hapo yalikuja matrekta ya aina nyingi, na lililoota mizizi zaidi vijijini ni Massey Ferguson. Aina yake ya 135, yenye injini ya Perkins ya silinda 3, ilitoka mwaka 1964. Katika miaka ya 1980 matrekta ya Valmet kutoka Finland yaliunganishwa hapa hapa, Kibaha. Baada ya wito wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009 yakaja ya New Holland na Farmtrac kutoka India, kupitia SUMA JKT.

Hivyo si ajabu kumkuta kijana wa miaka 25 akiendesha trekta lililoundwa kabla baba yake hajaoa. Sababu si muujiza. Mashine hizo za zamani ni nyepesi kueleweka, na fundi mwenye spana na subira anaweza kuifungua injini chini ya mti na kuifunga tena.

Lakini maisha hayo marefu yana madhara yake katika karatasi. Injini ya kwanza ilikufa, ikafungwa nyingine iliyotoka kwenye trekta jingine. Mwenye trekta wa kwanza alimwuzia wa pili kwa kupeana mikono, wa pili akamwuzia baba yako mbele ya mashahidi wawili ambao sasa ni marehemu. Chuma kinaendelea kufanya kazi, bali karatasi zake zimekoma zamani.

KADI NI CHETI CHA KUZALIWA

Basi anza na kadi. Usajili wa vyombo vya moto Tanzania Bara uko chini ya Mamlaka ya Mapato, TRA, iliyoanza kazi mwaka 1996. Chukua kadi ya trekta, kitambaa na brashi ya waya, ukalitazame trekta lenyewe. Namba ya injini imegongwa kwenye mwili wa injini. Namba ya trekta huwa kwenye kibati. Katika Massey Ferguson 135 kibati hicho kiko sehemu ya dashibodi, mbele ya dereva. Futa grisi, soma taratibu, ulinganishe na kadi. Zikitofautiana, usizifiche wala usimruhusu fundi kugonga namba mpya. Peleka suala hilo TRA, pamoja na risiti au hati za injini iliyofungwa, ili mabadiliko yaandikwe kwa njia ya halali.

Ikiwa kadi ina jina la mtu aliye hai aliyewauzia, mtafuteni angali hai. Hati ya mauziano, kadi ya asili na namba za mlipa kodi ndivyo vitu vya kutanguliza katika kubadilisha jina. Ikiwa mwenye kadi amefariki, haitoshi kwamba wewe ni kifungua mimba. Ukoo ukae kikao, umpendekeze msimamizi wa mirathi, naye athibitishwe na mahakama. Msimamizi huyo ndiye mwenye uwezo wa kuliuza au kulihamisha trekta. Na wewe unayetaka kununua, ukiambiwa "mimi ni mtoto wa marehemu", jibu kwa adabu: "Pole sana kwa msiba, naomba kuiona barua ya usimamizi."

Yupo mtu atakayesema kwamba ada ya kila mwaka ya leseni ya magari ilikwisha kufutwa mwaka 2017, hivyo hakuna kinachodaiwa. Ni kweli ilifutwa. Lakini iliyofutwa ni ada ile, si bima.

BIMA IPI, NA KWA KAZI GANI?

Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, likawa mali ya umma mwaka 1967, na kwa miaka mingi ndilo lililoshika biashara ya bima Tanzania Bara. Tangu sheria ya mwaka 1996 kampuni binafsi ziliruhusiwa, na sasa zote zinasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Inayolazimishwa na sheria ni ile ambayo mtaani huitwa bima ndogo, yaani ya kuwalinda watu wengine. Haitakulipa wewe hata senti moja trekta lako likiungua au likiibwa. Bima kubwa hulinda na mali yako, lakini kwa trekta la miaka hamsini kampuni inaweza kusita, au kutaka likaguliwe kwanza. Tena, trekta likiharibika, hulipwa kwa kadiri ya thamani yake wakati wa ajali, si kwa kadiri ya mapenzi yenu kwa marehemu baba.

Kabla ya kulipa, uliza mambo manne. Kwanza, matumizi: ikiwa hati inasema trekta ni la shamba lako mwenyewe, nawe unalimia watu kwa malipo, kampuni inaweza kukataa dai au kukudai wewe ilicholipa. Eleza kazi zote. Pili, tela: lisipotajwa katika hati, usidhani limo. Tatu, dereva: lazima awe na leseni inayomruhusu kuendesha trekta. Nne, watu wanaopanda juu ya magunia au kukalia madigadi: usitarajie bima iwalinde, na salama zaidi ni kuwakataza kabisa. Anayeanguka kutoka madigadi huangukia mbele ya gurudumu kubwa la nyuma.

Ukishalipa, usiridhike na karatasi nzuri yenye muhuri. Siku hizi bima huhakikiwa kwa mtandao wa TIRA. Hakiki siku hiyo hiyo, si siku ya ajali. Na ajali ikitokea, toeni taarifa polisi na kwa kampuni bila kuchelewa, na majeruhi apewe fomu ya PF3 apate matibabu.

KUTOKA KWA WALIOLIUNDA

Pengine utauliza: trekta kongwe kiasi hiki halistahili kusamehewa? Tuwatazame Waingereza, ambao mji wao wa Coventry ndio ulioyatoa mengi kati ya haya ya Massey Ferguson. Huko yapo matrekta yanayotunzwa kama vito. Ferguson TE20, lililotengenezwa kati ya mwaka 1946 na 1956, hung'arishwa na kutembezwa barabarani kwa maandamano ya furaha. Chombo kilichopita miaka 40 kinaweza kuingizwa katika kundi la vyombo vya kihistoria, kisitozwe kodi ya barabara. Lakini mwenyewe hana budi kukisajili, na kuomba upya leseni hiyo ya bure kila mwaka. Bima nayo ni ya lazima kwenye barabara ya umma, na imekuwa hivyo kwa vyombo vya moto tangu sheria yao ya mwaka 1930. Kwa maneno mengine, uzee husamehewa kodi, hausamehewi dhamana ya maisha ya watu.

BREKI MBILI, BARABARA MOJA

Mwisho, karatasi peke yake haisimamishi trekta. Matrekta mengi ya zamani yana pedeli mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto na nyingine la kulia, ili dereva aweze kukata kona kali mwisho wa tuta. Shambani ni msaada, barabarani ni mtego: ukikanyaga moja ukiwa na mwendo, trekta hugeuka ghafla na linaweza kupinduka. Kipo kikomeo cha kuziunganisha pedeli hizo. Kifungwe kabla ya kutoka shambani, na kama kilipotea fundi akitengeneze kwanza.

Aidha, tela lisilo na breki huusukuma mgongo wa trekta kwenye mteremko. Dereva ashuke na gia nzito, asitie nyutro kwa kuokoa dizeli. Plau ifungwe juu imara. Taa za mbele na nyuma ziwake, rifleta nyekundu zibandikwe nyuma ya tela, na jua likizama ni heri trekta lilale huko huko liliko. Gharama ya rifleta mbili haifikii hata ya debe moja la dizeli.

Ndugu msomaji, sikukuu zinapofika wengi wetu huenda nyumbani na mikate, sukari na kanga za mama. Safari ijayo, baada ya salamu na chakula, omba kuiona kadi ya trekta. Isome mbele ya ndugu wote, muulizane ni nani atakayekwenda TRA na nani atakayelipa bima, na mgawane gharama hizo kama mlivyogawana za matairi. Pengine mzee mmoja atanung'unika kwamba watoto wa mjini wamekuja na makaratasi. Mvumilie, kisha umwulize kwa upole: "Baba mdogo, likimgonga mtoto wa jirani yetu, tutakwenda kwao na nini?"