Fimbo ya Mlimani si Alama ya Uzee

Tulipoandaa safari ya familia za msikiti wetu kwenda Morningside, juu ya mji wa Morogoro, tuliorodhesha maji, vyakula na misala. Fimbo hatukuziorodhesha. Kupanda kulitupa jasho tu. Wakati wa kushuka, mama mmoja wa makamo aliteleza kwenye udongo uliolowa mvua, akaumia goti, na vijana wakambeba kwa zamu hadi kwenye gari. Baadaye alitueleza kwamba nyumbani anayo fimbo, ila aliona haya kuonekana mzee mbele ya watoto.

Haya hiyo haina msingi. Katika Suratu Twaha, Nabii Musa (a.s.) alipoulizwa kuhusu fimbo yake, jambo la kwanza alilotaja ni kwamba huiegemea. Naye alikuwa safarini na ahali yake, si mgonjwa wala kikongwe.

Fimbo ifaayo hupimwa kwa kiwiko: ukisimama wima na kuishika ncha ikiwa chini, mkono ukunjike kwa pembe ya nyuzi 90. Zile za alumini hurekebishwa. Mpandaji azifupishe kidogo. Mshukaji azirefushe, atangulize fimbo kabla ya mguu, ili mikono ipokee sehemu ya uzito ambao goti lingeubeba peke yake. Mkono uingie katika kitanzi kutokea chini, kisha ushike mpini. Fimbo ya kulia iende na mguu wa kushoto. Kabla ya kuondoka, ikandamizeni kwa nguvu: ikijifupisha yenyewe, vifungo havijakazwa.

Asiye na uwezo wa kununua, mti mkavu, mwepesi na ulionyooka kutoka nyumbani unamtosha. Tusikate miche njiani. Msitu wa juu wa Uluguru ni hifadhi, na maji yake huingia mto Ruvu, unaowanywesha ndugu zetu wa Dar es Salaam.

Adhuhuri ikitukuta uwandani, fimbo hiyo hiyo husimikwa mbele ya imamu ikawa sutra, kama Mtume (s.a.w.) alivyosimikiwa mkuki mfupi alipokuwa akisali safarini.

Safari ijayo, inshaallah, orodha yetu itaanza na fimbo. Nasi wanakamati tumeafikiana kuwa wa kwanza kuzishika, ili mama yetu yule asione haya tena.