Kramnik alivyopaki basi, Kasparov akavuliwa ubingwa

SHABIKI wa soka wa Mazwi, Sumbawanga, hahitaji kuelezwa maana ya kuulinda ushindi. Oktoba 22, 2020, Simba walitua Uwanja wa Nelson Mandela wakiwa mabingwa watetezi, wakalala 1-0. Bao la Samson Mbangula wa Prisons likalindwa hadi filimbi ya mwisho.

Sasa rudi nyuma miaka 20, Oktoba hiyohiyo, jijini London. Huko palikuwa na meza moja na kete 32 za sataranji. Garry Kasparov, bingwa wa dunia tangu 1985, anakutana na Mrusi mwenzake, Vladimir Kramnik, kijana wa miaka 25. Zimepangwa mechi 16.

Kasparov alikuwa mtu wa kushambulia. Malkia wake akiwa mezani, umekwisha. Kramnik alilijua hilo, akaibuka na Ulinzi wa Berlin, mfumo wa karne ya 19 ambao vigogo wengi walikuwa wameshauweka kabatini.

Kwa mtu wa mpira ni hivi: mwenye kete nyeusi anakubali malkia wote wawili watoke ikifika hatua ya nane. Hasara anaipata, maana mfalme wake ndiye anayemla malkia wa mpinzani, na baada ya hapo hawezi tena kukimbizwa kwenye kona ajifiche kando ya ngome. Ukimtazama, beki yake imekaa hovyo. Lakini mpinzani naye kabaki bila straika, na kila njia ya kuingilia imezibwa.

Mechi ya kwanza, sare ya hatua 25. Kasparov akaurudia ukuta uleule mechi ya tatu, ya tisa na ya 13. Sare zote. Kiburi hicho, maana silaha nyingine alikuwa nazo tele.

Na msiseme Kramnik alikaba tu. Alipopewa kete nyeupe, mechi ya pili na ya 10, alishinda.

Ile ya 13 ndiyo ilishangaza. Kasparov yuko nyuma kwa pointi mbili, ana kete nyeupe, muda unayoyoma, halafu anakubali sare baada ya hatua 14! Ni kama timu inayodaiwa mabao mawili kumrudishia kipa mpira.

Novemba 2, mechi ya 15 nayo ikaisha sare. Kramnik 8.5, Kasparov 6.5, bila kushinda hata mechi moja. Mwaka 2005 akastaafu, marudiano hajayapata.