Kericho na Bomet kwa picha: pa kusimama, saa ya kufika, na namna ya kulipa bila majuto

Picha ilikuwa safi kabisa. Nyumba ndogo ya mbao, veranda, kikombe cha chai mezani, na nyuma yake mashamba ya majani chai yakiteremka hadi macho yachoke. Mwenzetu mmoja kazini aliiona mtandaoni Jumatano, akawaonyesha dada zake wawili, na kufikia Alhamisi jioni walikuwa wameshatuma arbuni ya shilingi 6,000 kwa nambari ya simu waliyopewa.

Ijumaa walifika Kericho saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha. Ile nambari ilikuwa imezimwa. Mlinzi wa lango walilolifuata kwenye ramani aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Poleni sana, dada zangu. Nyinyi ni wa tatu mwezi huu."

Picha yenyewe haikuwa ya uongo. Ilikuwa tu ya mahali pengine, na ya mtu mwingine.

Walipata lojing'i mjini, wakalipa kaunta, wakalala na hasira. Lakini kesho yake waliamka kabla ya jua, na picha walizorudi nazo Jumatatu ndizo zilizotufanya tuandike makala hii. Hapa kuna sehemu sita za kupiga picha Kericho na Bomet, na kwa kila sehemu, jambo moja kuhusu pesa yako.

Kwanza, ijue saa

Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, takriban kilomita 260 kutoka Nairobi kupitia Nakuru. Huku mvua haina msimu wa kupumzika sana. Mara nyingi asubuhi huwa safi, mawingu hujikusanya mchana, na alasiri inanyesha, wakati mwingine mvua ya mawe. Ndiyo maana chai inapenda huku, na ndiyo maana wewe unafaa kuamka mapema. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi ukungu bado umelala mabondeni, na mwanga unapita chini chini juu ya majani. Saa sita mchana kila kitu ni kijani kimoja tu, hakina kivuli.

Beba mfuko wa plastiki wa simu, pawabenki, na noti chache ndogo. Ndiyo, sisi ni watu wa malipo ya simu na tunakwambia ubebe noti. Mabondeni mtandao hupotea, na mtu wa boda hawezi kukungoja hadi urudi.

1. Barabara za katikati ya mashamba makubwa

Ukitoka mjini upande wowote, dakika chache tu unajikuta kati ya kuta mbili za kijani. Michai ikiachwa inakuwa miti. Hapa inapogolewa ibaki kiunoni, ndiyo maana shamba zima linaonekana kama meza moja iliyotandikwa. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilifika miaka ya 1920, na mistari unayoiona ni kazi ya karibu karne moja.

Uzuri huu una historia nzito. Ardhi hii ilichukuliwa na serikali ya kikoloni kutoka kwa Wakipsigis, na mwaka 1934 ukoo wa Talai ulipelekwa uhamishoni Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Madai ya ardhi hayajaisha mpaka leo. Kwa hivyo usishangae ukiulizwa unapiga picha za nini. Barabara ya umma ni yako, lakini ndani ya shamba ni mali ya watu, na ni mahali pa kazi. Omba ruhusa langoni. Ukitaka kurusha droni, lazima iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

*Pesa yako:* mtu akikusimamisha katikati ya shamba akitaka "ada ya picha" itumwe kwa nambari yake binafsi, mwambie kwa upole utalipia ofisini na upewe risiti. Kama ada ipo kweli, ofisi ipo.

2. Bustani ya miti ya Chagaik

Kama kilomita 8 kutoka mjini, kando ya barabara ya kwenda Nakuru, kuna bustani ya miti mirefu kutoka nchi mbalimbali, nyasi zilizokatwa vizuri, na bwawa lenye mayungiyungi. Asubuhi bila upepo maji yanakuwa kioo: mti juu, mti chini. Inama hadi simu ikaribie maji, na picha itabadilika yenyewe.

*Pesa yako:* wengi huja hapa kwa boda. Mkubaliane bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla hujapanda, na ulipe mkifika mjini. Ukimlipa yote langoni, huenda ukarudi kwa miguu.

3. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu

Hili lilizinduliwa mwaka 2015, na lilibuniwa na kampuni ya John McAslan ya Uingereza. Linaingiza watu 1,500. Paa lake la vigae linaanza chini mlangoni na kupanda kadiri unavyokaribia altare, likishikiliwa na mbavu kumi za zege. Juu kabisa kuna mwanya wa mwanga unaopita urefu wote wa jengo. Simama katikati ya njia, nyuma kabisa, simu ikiwa wima. Huna haja ya kichujio chochote.

Usiende wakati wa misa ukiwa na kamera mbele ya uso. Watu wamekuja kusali.

*Pesa yako:* ukitaka kutoa sadaka kwa simu, tumia nambari ya Paybill iliyobandikwa kanisani au iliyotangazwa na kanisa lenyewe. Anayekujia nje ya lango na karatasi ya michango, msalimie, umtakie siku njema.

4. Gurdwara ya Kericho

Wengi hawatarajii kukuta hekalu kubwa jeupe la Masingasinga katika mji wa chai. Limejengwa kwa heshima ya Sant Puran Singh, aliyeishi hapa miaka mingi mpaka akaitwa Kerichowale, yaani mtu wa Kericho. Aliaga dunia mwaka 1983. Mahujaji huja kutoka Uingereza, Kanada na India.

Vua viatu, funika kichwa, wala usiingie na sigara au pombe. Uliza ni wapi unaruhusiwa kupiga picha. Kisha utakaribishwa chakula. Chakula hiki, langar, ni cha kila mtu, dini yoyote, na hakiuzwi.

*Pesa yako:* hapa hakuna bei. Usimuulize anayekupakulia "till namba ngapi?" kana kwamba uko hotelini. Ukiguswa, ulizia ofisini namna ya kuchangia. La sivyo, sema asante na umalize sahani yako.

5. Maporomoko ya Tenwek, Bomet

Shuka kwa matatu kupitia Litein, Kapkatet na Kaplong hadi Bomet. Kilomita chache kutoka mjini kuna Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937, na karibu nayo Mto Nyangores unaanguka kwenye mawe. Maji hayo huipa hospitali umeme kupitia mtambo wake mdogo. Yakitoka hapo yanaendelea, yanakutana na Mto Amala, na pamoja wanaunda Mto Mara, ule ule nyumbu wanaouvuka kila mwaka.

Mvua ikinyesha Mau, maji hupanda haraka na mawe huteleza. Piga picha ukiwa pembeni. Hakuna picha inayostahili mguu uliovunjika, hata kama hospitali iko hapo hapo.

*Pesa yako:* vijana wanaojua njia wanaweza kukuongoza. Mpatane mapema, na ulipe kabla hujateremka bondeni au baada ya kupanda tena, mahali palipo na mtandao. Muamala ukikwama katikati, usirudie kutuma papo hapo. Angalia salio kwanza, la sivyo utalipa mara mbili.

6. Wakulima wadogo wa Bomet, na kituo cha majani chai

Picha ambayo dada wale waliipenda kuliko zote haina maporomoko wala kanisa. Ni ya mama mmoja kwenye shamba la kando ya barabara, kikapu mgongoni, mikono ikienda mbio.

Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi moja, na hurudi kwenye mchai ule ule baada ya wiki moja au mbili, mwaka mzima. Kwa kawaida hulipwa kwa kilo. Ukimsimamisha dakika ishirini "tabasamu kidogo, geuka huku", umemkata mshahara, hata kama hakusema kitu. Na kazi yenyewe inabadilika. Kwenye mashamba makubwa mashine za kuchuma zimechukua nafasi ya watu wengi, na Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto Kericho wakati wa maandamano. Mikono hiyo unayoiona kwenye picha iko katikati ya mvutano mkubwa.

Mwenzetu alitusimulia walivyofanya. Dada mkubwa aliweka simu mfukoni kwanza.

"Chamgei, mama."

"Chamgei mising. Mmepotea njia?"

"Hapana, mama. Tulikuwa tunaomba kukupiga picha ukiendelea na kazi. Usisimame kwa ajili yetu. Na tutakulipa muda wako."

Mama akawaangalia, akacheka. "Pigeni. Lakini ngojeni nifunge kitambaa vizuri. Na mtanitumia? Watu hupiga, wanaenda nayo Nairobi, mimi sijawahi kujiona."

Wakapiga kwa dakika tano. Akawapa nambari yake, wakasoma jina lililotokea kwenye skrini kwa sauti ili aitikie kuwa ndilo, kisha wakatuma. Simu ya mama ikalia kiunoni. Akasoma ujumbe, akasoma tena.

"Hii imezidi."

"Tumeweka na ya kutolea, mama."

"Kongoi," akasema. Asante. Picha zenyewe zilitumwa jioni kwa simu ya kijana wake, maana yake ni kabambe.

Ukitaka kuona sehemu ya pili ya kazi, uliza kituo cha karibu cha kununulia majani chai, wakulima wanapopeleka mavuno kupimwa. Rangi za vikapu, foleni, mizani, mazungumzo: hapo ndipo Bomet inapoishi. Ongea na karani kabla ya kutoa simu. Usipige picha karibu ya kitabu au risiti ya mtu, kwani nambari na kilo zake si mapambo ya ukurasa wako. Na mtoto apigwe picha kwa ruhusa ya mzazi tu.

*Pesa yako:* mlipe mtu mwenyewe, kwa nambari yake mwenyewe. Ukimpa "mwakilishi" awagawie wachumaji watano, huwezi kujua kama zilifika. Na ukumbuke ya kutolea. Kwako ni shilingi chache, kwake ni sehemu ya zawadi.

Sasa, turudi kwa ile arbuni

Watu wengi wa Kericho na Bomet wanaokodisha vyumba ni waaminifu, na wengine ni wakulima wanaotafuta shilingi ya ziada. Tapeli anatumia jina lao zuri. Kabla ya kutuma:

- Omba simu ya video, uonyeshwe chumba na mandhari sasa hivi. Mwenye nyumba atatembea nayo. Tapeli atakuwa na mtandao mbaya.
- Tafuta picha hiyo mtandaoni. Ikitokea kwa majina matatu tofauti, achana nayo.
- Linganisha majina. Nambari ya till iwe na jina la biashara uliloambiwa. Kama ni jina la mtu binafsi, uliza ni nani. Jibu linaweza kuwa la kweli, lakini uliza.
- Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Hapo ndipo mlango wa mwisho ulipo.
- Tuma kidogo, malizia ukifika. Anayetaka zote leo, "maana kuna wengine wanangoja", anakuharakisha kwa sababu.
- Ukiona umekosea au umetapeliwa, wasiliana na huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo na uhifadhi ujumbe wote. Pesa ambayo haijatolewa inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa, ni kazi ya polisi. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN ili akurudishie pesa.

Dada wale waliripoti Jumamosi asubuhi, zaidi ya siku nzima baada ya kutuma. Shilingi 6,000 zilikuwa zimeshatolewa. Hazijarudi.

Lakini wiki mbili baadaye ulifika ujumbe kutoka Bomet. Mama alikuwa amepeleka ile picha studio, ikasafishwa, ikawekwa fremu. Kijana wake alipiga picha ya ukuta na kuituma: kalenda, saa, na katikati yake yeye, kitambaa kimefungwa vizuri. Chini aliandika kwamba mama anauliza wanarudi lini, na kwamba wakija wasitafute pa kulala mtandaoni.