Kweli au si kweli: manjano, magoti na uzee

Jioni kibarazani kwa wazee huku Mazingara, mazungumzo hayakawii kufika kwenye magoti. Mmoja ananyoosha mguu taratibu, anasugua goti kwa kiganja chenye rangi ya manjano, kisha kila mtu anataja dawa yake.

"Ni uzee tu, vumilia." Si kweli. Mwaka 2000 Mwitaliano Claudio Franceschi na wenzake walieleza kwamba mwili ukizeeka, kinga yake hubaki imewaka kidogo kidogo hata pasipo jeraha. Huo ndio mchochota wa uzeeni, unaoweza kuchangia maumivu ya magoti, nao huweza kupungua kwa kutembea, kupunguza unene na kuacha sigara.

"Kama hauumi, haupo." Si kweli. Huweza kukaa kimya miaka. Hospitali huutafuta kwa kupima protini ya CRP kwenye damu. Anayekuangalia machoni tu na kukutajia mchochota, usimpe hela yako.

"Manjano yanatibu." Nusu kweli, na nusu hiyo ni ya thamani. Manjano yana kurkumini, nayo hutuliza mchochota maabarani. Lakini katika unga ni kama gramu 3 kwa kila 100, na ukimeza, kiasi kikubwa hupita tumboni bila kuingia kwenye damu. Pilipili manga husaidia iingie. Majaribio ya magoti yaliyoonyesha nafuu mengi yalikuwa madogo, tena yalitumia kurkumini iliyokamuliwa, si kijiko cha mchuzini. Pika na manjano kwa raha; usiache dawa za daktari kwa ajili yake.

"Dawa ya miti haina madhara." Si kweli kabisa! Aspirini ina asili yake kwenye gome la mti, na huweza kuchubua tumbo hadi likatoa damu. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuua watoto wachanga walionyweshwa.

"Mitishamba haipimiki." Si kweli. Hupimika kwa njia ileile ya chanjo: hapo Korogwe tu, kuanzia 2009, watoto walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S: kundi moja lilipewa chanjo hiyo, jingine chanjo tofauti, kisha wakalinganishwa. Mizizi yetu inastahili mizani hiyohiyo.

Bibi, babu, ukienda kliniki, mtajie daktari unga wa manjano au wa mitishamba unaokunywa nyumbani, hasa kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda.