Hofu Huingilia Masikioni

Waulize madereva waongozaji wa Karatu, jioni wakishawafikisha wageni hotelini, ni filamu gani ya kutisha isiyowatoka akilini. Kazi yangu ni sauti za filamu, na swali hilo nimewauliza mara nyingi kwenye meza za nyama choma pale mjini. Jibu karibu kila mara huanza na mlio. Mmoja ataiga nyasi zinavyochakacha. Mwingine ataguna zile noti mbili za papa wa Jaws, taratibu kwanza, kisha mbio. Zimwi lilikuwa na sura gani, hapo ndipo ubishi unapoanza: huyu anasema lilikuwa na pembe, yule anakataa katakata. Mlio haubishaniwi.

Nami nasema wako sahihi. Filamu ya kutisha humganda mtu kwa kile alichokisikia kabla ya kukiona, na watu wanaoishi kando ya Ngorongoro wanalijua hilo kuliko wengi wetu wa mijini.

Filamu inayorudi sana katika mazungumzo hayo ni The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, habari ya simba wawili wa Tsavo waliokuwa wakiwala wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898, hadi mhandisi J. H. Patterson alipowaua mwezi Desemba. Waongozaji hawa wanakula kwa kuwajua simba, kwa hiyo makosa yake wanayaona waziwazi. Madume wa kweli wa Tsavo hawakuwa na manyoya ya shingoni, na ndivyo wanavyoonekana hadi leo katika makumbusho ya Field mjini Chicago. Wale wa kwenye filamu wanayo tele. Mandhari yenyewe ni ya Afrika Kusini. Hata hivyo wanaisamehe, kwa sababu simba yule anapumua, anakwaruza, ananguruma kwa mbali, na mtazamaji anabaki na watu waliomo hemani wasiojua atatokea upande gani. Tuzo pekee ya Oscar ambayo filamu hiyo ilipata ilikuwa ya uhariri wa sauti.

Hata Jaws ya mwaka 1975 ilifikia nguvu hiyo ya sauti kwa sababu ya shida. Papa wa mashine alikuwa akiharibika baharini kila mara, Steven Spielberg akalazimika kumficha sehemu kubwa ya filamu, na muziki wa John Williams ukawa ndiyo papa mwenyewe. Katika Psycho ya mwaka 1960, Alfred Hitchcock alitaka mauaji ya bafuni yapite bila muziki wowote. Mtunzi Bernard Herrmann akaandika muziki hata hivyo, wa ala za nyuzi tupu, na Hitchcock alipousikia akabadili nia. Leo ukitaja filamu ile, mtu hukupigia zile vayolini kwa mdomo.

Kwa nini sikio? Macho unaweza kuyafumba au kuyageuza pembeni; sikio halina kifuniko, nalo hupokea kutoka pande zote, hata mgongoni. Mlio wa ghafla huufanya mwili ushtuke ndani ya muda mfupi kuliko sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza ni nini. Tena kuna aina ya mlio unaotutisha zaidi. Mnyama anapopiga yowe la hofu husukuma hewa kwa nguvu kupita uwezo wa koo lake, na sauti inapoteza mpangilio: inakwaruza, inapasuka, inaruka juu na chini. Daniel Blumstein, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Marekani, aliona hayo kwa marmoti, wanyama wa milimani wa jamii ya kindi, akajiuliza kama watengeneza filamu wanatumia mbinu ileile. Yeye na wenzake wakachunguza sauti za filamu 102, na mwaka 2010 wakaandika kwamba filamu za kutisha zimejaa mayowe na mikwaruzo ya aina hiyo. Wahariri walikuwa wameipata njia kwa kusikiliza tu.

Hofu hiyo ndiyo inayopigilia kumbukumbu. Mwaka 1994 watafiti Larry Cahill, James McGaugh na wenzao waliwasimulia watu hadithi yenye tukio la kuhuzunisha la mtoto aliyegongwa na gari. Waliopewa dawa ya kuzuia kazi ya adrenalini hawakulikumbuka tukio lile vizuri kama wenzao wasiopewa. Moyo ukidunda, ubongo huhifadhi.

Sasa njoo Karatu usiku, Rhotia au Oldeani, ukungu umeshuka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Fisi anaita. Sauti yake inaanza chini, inapanda, inakatika juu, na inaweza kusikika umbali wa kilomita kadhaa. Kile tunachokiita kicheko chake si furaha hata kidogo: fisi hukitoa anapofukuzwa au anaposhambuliwa na wenzake, na mara nyingi ni mnyonge anayegombea mzoga. Yaani sauti inayotusisimua vinyweleo hutoka kwa mnyama aliye katika msukosuko wake mwenyewe. Ninaona jambo hilo zito kuliko zimwi lolote la kubuni.

Kule chini ya bonde, kwa Wambugwe wa kusini mwa Ziwa Manyara, mwanaanthropolojia Robert Gray aliandika mwaka 1963 imani kwamba fisi ni ng'ombe wa usiku wa wachawi: huwakama na kuwapanda. Na ndani ya kreta, mtafiti Hans Kruuk aliyewafuatilia fisi katika miaka ya 1960 alionyesha kwamba wao ni wawindaji hodari, na mara nyingi simba ndiye anayekuja kuwapora windo. Imani ile na utafiti huu vyote viwili ni hazina kwa mwandishi wa filamu. Lakini kamera zilizokuja Ngorongoro, tangu Hatari! ya John Wayne mwaka 1962, zimependa mchana.

Filamu zetu za kutisha za Tanzania zilianza na hazina ya namna hiyo. Mtengeneza filamu Mussa Banzi alitupa Nsyuka, ambayo jina lake limetoka katika masimulizi ya Wanyakyusa, kisha Shumileta, ya jini wa kike. Bado watu wanazitaja, na alistahili sifa kwa kuthubutu. Udhaifu wa nyingi zilizofuata ni kwamba zimwi linatokea mapema, chini ya taa kali, na kinanda cha kompyuta hakinyamazi hata dakika moja.

Banda umiza, ukumbi wa video wa mtaani, nalo lina somo. Mabenchi, pazia zito mlangoni, spika mbili kando ya televisheni, na mfasiri anayeeleza filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Katika filamu ya ngumi ufundi huo ni raha tupu. Katika filamu ya kutisha, mfasiri akisema "sasa anakuja nyuma ya mlango," ameiua hofu yetu. Mfasiri hodari hufika hapo akanyamaza, na banda zima likanyamaza naye. Utasikia benchi likilia.

Kwa kijana wa Karatu, Mbulu au Babati anayetaka kutengeneza filamu ya kutisha: usianze na vinyago wala rangi ya damu. Tafuta kinasa sauti, kaa ndani ya uzio salama, urekodi usiku wa kwenu kuanzia saa mbili hadi alfajiri. Rekodi mbwa wanaobweka na wanavyonyamaza ghafla, upepo kwenye mabati, ng'ombe wakisogea zizini, fisi akiita upande wa msitu. Kisha andika hadithi kutokana na ulichokisikia, na fisi wako usimwonyeshe kabla ya nusu ya filamu kupita.