"Haijaidhinishwa" na Nani? Istilahi za Nyaya na Chaja za Simu katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Makala haya yanachunguza namna watengenezaji wa simujanja wanavyozuia au kupunguza matumizi ya nyaya na chaja za kampuni nyingine, na namna Kiswahili kinavyolieleza jambo hilo. Eneo linaloangaliwa ni Nchelenge, mkoani Luapula, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru. Lugha kuu ya hapo ni Kibemba. Hata hivyo Kiswahili kinasikika, kwa kuwa ng'ambo ya ziwa ziko Kilwa na Pweto za Haut-Katanga, na kwa kuwa tangu Januari 2018 wilaya hiyo ina makazi ya Mantapala, yanayowahifadhi wakimbizi kutoka Kongo. Katika mazingira hayo waya wa simu unaweza kununuliwa kwa lugha moja, ukatumiwa kwa lugha nyingine, na simu ikaukataa kwa lugha ya tatu.

Mfano unaofahamika zaidi wa kukataliwa huko ni wa Apple. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilitoa iPhone 5 yenye tundu la Lightning. Ndani ya kichwa cha waya wake mna chipu ndogo inayojitambulisha kwa simu, na mtengenezaji mwingine aliyetaka kuuza nyaya za aina hiyo kwa ridhaa ya Apple alipaswa kujiunga na mpango wake wa leseni. Kuanzia toleo la iOS 7 la mwaka 2013, simu iliyokutana na waya usiotambulika ilitoa onyo kwamba waya huo haujathibitishwa na huenda usifanye kazi ipasavyo. Ipo njia nyingine iliyo kimya zaidi. Teknolojia ya VOOC ya Oppo, iliyoanza mwaka 2014, huchaji kwa kasi pale tu chaja na waya vinapolingana na matakwa ya kampuni hiyo. Waya wa kawaida ukitumika, simu inachaji, lakini polepole. Hakuna onyo wala kukataliwa. Katika masoko yanayotawaliwa na simu za Android za bei nafuu, kizuizi cha namna hii kina uzito kuliko kile cha Apple, ingawa ndicho kisichozungumzwa sana.

Kasi ya kuchaji si anasa. Baada ya ukame wa msimu wa 2023/2024, Rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la taifa tarehe 29 Februari 2024. Maji ya Kariba yakapungua na umeme ukakatwa kwa saa nyingi kwa siku nchini Zambia. Umeme unaporudi kwa muda mfupi, au simu inapochajiwa kwa malipo kwenye kibanda chenye paneli ya jua, waya unaochaji polepole unamrudishia mwenye simu betri isiyojaa. Simu hiyo ndiyo pochi yake, ndiyo tochi yake, na ndiyo njia ya kuulizia bei ya samaki Kashikishi kabla ya kupakia mzigo.

Kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili, vifaa hivi vimegawanyika makundi mawili: orijino na feki. Mgawanyo huo umetiwa nguvu na sera. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, na Tanzania, kupitia TCRA, ikafanya hivyo Juni 2016. Kampeni hizo zilihusu namba za IMEI, wala hazikuhusu nyaya. Lakini ziliipa sifa "bandia" uzito wa kisheria ambao sasa hubandikwa kwenye kifaa chochote kisichotoka kwa mwenye simu, yaani kampuni iliyoitengeneza. Hapo ndipo penye kosa. Waya unaobeba jina la mtengenezaji wake mwenyewe haumwigi mtu. Huenda ukawa mbovu, huenda ukawa bora, bandia sio.

Watengenezaji wana hoja ya usalama, na si ya kupuuzwa. Agosti 2013 Apple ilianza kupokea chaja zisizo zake na kuwauzia wenye nazo chaja halisi kwa bei iliyopunguzwa. Februari 2016 mhandisi wa Google, Benson Leung, aliyekuwa akipima nyaya za USB-C zilizouzwa mtandaoni, aliharibikiwa na kompyuta kwa sababu ya waya uliounganishwa vibaya ndani. Lakini tukio hilo linafaa kusomwa kwa makini. Leung alipima kwa kufuata kiwango kilicho wazi kwa kila mtengenezaji. Waya ule ulishindwa kwa kukiuka kiwango. Suala la leseni ya kampuni ya simu halikuwamo.

Kisarufi, tatizo linajificha katika kauli ya kutendwa. Tungo "kifaa hiki hakijaidhinishwa" imekamilika kimuundo, ila mtenda hayumo, na Kiswahili kinaruhusu kumtaja kwa kiunganishi "na" tu: na mtengenezaji, au na mamlaka ya viwango? Istilahi tatu zingetosha kutenganisha mambo: bandia, kwa kinachotumia chapa ya mwingine bila ruhusa, kisicho na leseni, kwa kilichotengenezwa nje ya mpango wa kampuni ya simu, na kisicho salama, kwa kilichoshindwa kipimo.

Umoja wa Ulaya umelishughulikia suala hili kwa maelekezo yake ya mwaka 2022. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko sharti ziwe na tundu la USB-C, na zile zinazochaji kwa kasi haziruhusiwi kuubana mfumo wa pamoja wa USB kwa ajili ya mfumo wa mtengenezaji. Apple ilikuwa imekwisha kuhamia USB-C kwa iPhone 15, Septemba 2023. Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote ni wanachama wa COMESA na SADC, na SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi Agosti 2019. Kanuni ya namna hiyo inaweza kuandikwa kwa Kiswahili na kuhusu fukwe zote mbili za ziwa. Rasimu yake ikisema "vifaa visivyoidhinishwa" bila kumtaja mwidhinishaji, muuzaji wa Kashikishi atanyang'anywa nyaya zake, ziwe salama au zisiwe.