Darubini ya Bunduki ya Shabaha: Ukuzaji si Kila Kitu

Mlenga shabaha anayeanza, mwenye fedha chache, hukabiliwa na uamuzi mgumu anapotafuta darubini ya bunduki yake ya kwanza. Dukani huzikuta darubini zilizoandikwa 10×40, 25×50 na kadhalika, na jicho huvutwa upesi na tarakimu kubwa zaidi. Elimu ya nuru huonyesha kwamba uchaguzi wa namna hiyo waweza kumtia hasara.

Maana ya tarakimu

Tarakimu ya kwanza ni kiasi cha ukuzaji. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Kipenyo kikigawanywa kwa ukuzaji, hupatikana upana wa mwali wa nuru uingiao jichoni. Darubini ya 10×40 hutoa mwali wa milimita 4. Ile ya 25×50 hutoa milimita 2 tu. Mboni ya jicho la kijana huwa na upana wa milimita 2 hivi kwenye jua kali, lakini gizani yaweza kufikia milimita 7. Kwa hiyo, nyakati za alfajiri, ukuzaji mkubwa huleta picha yenye kiza, na kichwa kikisogea kidogo picha hutoweka. Isitoshe, hukuza pia mtikisiko wa mikono, pamoja na mazigazi yatokanayo na hewa yenye joto.

Nuru inayopotea

Kila uso wa kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya nuru. Nyuso 10 za namna hiyo hupitisha asilimia 66 tu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, wa kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, alibuni njia ya kupaka lenzi utando mwembamba sana unaopunguza hasara hiyo. Basi yafaa mnunuzi aulize kama nyuso zote zimepakwa utando, au ule wa nje peke yake.

Skrubu za kurekebishia

Huko Bisley, Uingereza, ambako mashindano ya shabaha yamefanyika tangu mwaka 1890, hulengwa hadi umbali wa yadi 1,000 na zaidi. Kwa umbali huo, kosa la dakika moja ya pembe, yaani sehemu 1 kati ya 60 za digrii, huipotosha risasi kwa sentimita 27 hivi. Darubini isiyorudi mahali pake baada ya kurekebishwa haiwezi kuaminiwa, hata picha yake ingekuwa safi namna gani.

Jambo hili laweza kupimwa bila bunduki. Darubini hufungwa imara kwenye jiliwa na kuelekezwa kwenye karatasi kubwa ya miraba iliyo umbali wa mita 100. Ikiwa kila hatua ya skrubu ni robo dakika, hatua 40 zapasa kuuhamisha msalaba kwa sentimita 29, na hatua 40 za kurudi zapasa kuurejesha palepale. Kisha jicho lisogezwe pole pole kushoto na kulia. Msalaba ukionekana kutembea juu ya karatasi, basi picha na msalaba haviko katika bapa moja; hiyo ndiyo paralaksi.

Kwa kifupi, mwenye fedha chache hufaidika zaidi na darubini ya ukuzaji mmoja wa wastani, yenye kioo safi na skrubu thabiti, kuliko ya bei ileile iliyojaa tarakimu kubwa.

Jaribio la darasani

Wanafunzi waweza kuthibitisha kanuni ya kwanza kwa darubini yoyote ya macho mawili. Ielekezwe kwenye anga jeupe, KAMWE si kwenye jua, na karatasi ishikwe nyuma ya lenzi ya jicho. Duara dogo la nuru litatokea. Karatasi isogezwe mpaka ukingo wa duara uwe dhahiri, kipenyo kipimwe kwa rula, kisha kilinganishwe na jibu la hesabu.